Mapato haramu katika ufilisi wa mtu binafsi (Marekani)

Mapato haramu katika ufilisi wa mtu binafsi ni fedha ambazo mdaiwa amezipata kwa shughuli iliyokatazwa na sheria, naye anataka kuzitumia kulipa madeni yake chini ya ulinzi wa mahakama.

Nchini Marekani ufilisi husimamiwa na sheria ya shirikisho. Kwa mujibu wa Sura ya 13 ya sheria hiyo, mdaiwa mwenye mapato ya kudumu huwalipa wadai kidogokidogo kwa miaka 3 hadi 5. Msimamizi hupokea fedha hizo na kuzigawa. Mpango wa malipo lazima utolewe kwa nia njema na kwa njia isiyokatazwa na sheria. Mdaiwa hutakiwa kutaja mapato yake yote. Kuyaficha kwa udanganyifu ni kosa la jinai.

Utata mkubwa umehusu bangi. Wapiga kura wa Colorado waliihalalisha mwaka 2012, lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliendelea kuikataza. Mwaka 2014 mahakama ya Denver ilifuta shauri la mume na mke waliolima bangi kwa leseni ya jimbo, kwa kuwa msimamizi angelazimika kugawa fedha za uhalifu. Jopo la rufaa lilikubali uamuzi huo mwaka 2015. Hivyo walibaki na madeni bila ulinzi, ingawa jimbo lao liliruhusu kazi yao.

Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa 9, katika shauri la kampuni chini ya Sura ya 11, iliamua kwamba sharti kama hilo huangalia namna mpango ulivyotolewa, si yaliyomo ndani yake.