Damu kwenye mkojo: Kinyama kinavyoamua hatima ya kibofu

MKOJO wenye damu usiouma humpa mtu nafasi ya kujidanganya. Leo damu imetoka, kesho mkojo umerudi rangi yake, na baba anaendelea na kazi. Mama naye hudhani ni hedhi au UTI, ananunua dawa duka la jirani. Kumbe kwa wagonjwa wengi wa saratani ya kibofu, hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na huweza kukoma yenyewe kwa muda huku uvimbe ukiendelea kukua.

Hospitalini, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo. Akiona uvimbe, huukata na kuupeleka maabara. Familia nyingi husubiri jibu moja tu: ni saratani au siyo? Jibu hilo peke yake halitoshi. Uvimbe wa wagonjwa wawili unaweza kufanana kwenye kamera, lakini mmoja akahitaji kufuatiliwa tu na mwingine akalazimika kuondolewa kibofu.

Kinachowatenganisha ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hatua hueleza saratani imezama kina gani. Daraja hueleza seli zenyewe zina ukali gani zinapotazamwa kwa darubini. Kwa aina ya saratani hii iliyozoeleka zaidi, seli za daraja la chini bado zinafanana na za kawaida. Uvimbe wake hupenda kurudi baada ya kukatwa, ila ni nadra kuzama. Za daraja la juu zimevurugika, viini vyake vimekuwa vikubwa, na hizo ndizo hupenya hadi kwenye misuli ya kibofu. Mfumo huu wa madaraja mawili ni wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2004. Ule wa 1973 ulikuwa na matatu, na baadhi ya ripoti bado huandika yote, hivyo mgonjwa asishtuke.

Jicho la mtaalamu wakati mwingine hukwama. Kibofu kilichoumizwa muda mrefu na mawe au kichocho huwa na seli zenye sura ya ajabu hata kama si saratani. Hapo ndipo kinyama hupakwa rangi za kutambua protini. CK20, katika kibofu kizima, huonekana kwenye seli za tabaka la juu tu. Ikienea unene wote wa ukuta wa ndani, shaka inaongezeka. p53 kwa kawaida huzuia seli iliyoharibika isigawanyike, lakini jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu hurundikana ndani ya kiini na kuonekana wazi. Ki-67 huonyesha ni seli ngapi ziko mbioni kugawanyika. Vipimo hivi humsaidia mtaalamu. Havikati shauri peke yake, maana kuna saratani kali ambazo p53 haionekani kabisa.

Wenye uvimbe wa daraja la juu ambao haujafika kwenye misuli mara nyingi huwekewa BCG ndani ya kibofu. Ndiyo, chanjo ileile ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga begani. Huamsha kinga ya mwili ishambulie seli za saratani, na imetumika hivyo tangu miaka ya 1970.

Swali moja la kumuuliza daktari majibu yakitoka: je, misuli ilionekana kwenye kinyama? Kama haikuonekana, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba saratani haijaingia humo, na huenda ikabidi kukata tena.

Sigara ndiyo chanzo kikubwa duniani. Kwa Unguja, Pemba, Shinyanga na kwingineko kwenye madimbwi yenye konokono, kuna pia kichocho cha mkojo, ambacho kisipotibiwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya aina nyingine, ya seli bapa, ambayo mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshazama. Kwa hiyo mtoto wa kiume anayekojoa damu hajabalehe, kama wazee wa baadhi ya maeneo walivyoamini. Apelekwe kituo cha afya apimwe mkojo. Akikutwa na kichocho, dawa yake ni vidonge vya praziquantel.

Na mzazi aliyekatwa uvimbe asikimbie kliniki akishajisikia vizuri. Kamera ya kwanza ya ufuatiliaji kwa kawaida ni baada ya miezi mitatu.