Kijiwe cha Sikio Humtaja Samaki

Kichwa cha changu kikishaliwa, masalio huwa ya paka. Lakini ndani yake, karibu na ubongo, mna vijiwe vyeupe vigumu. Ni vijiwe vya sikio. Samaki huvitumia kusikia na kukaa sawa majini asipinduke. Samaki wa mifupa ana jozi tatu, na kwa kawaida jozi moja huwa kubwa kuliko zingine. Papa na taa hawana vijiwe vigumu namna hii. Hao wa kale hutambuliwa zaidi kwa meno.

KWA NINI KINADUMU?
Samaki akifa, nyama huoza na mifupa hutawanyika. Kijiwe ni cha chokaa ngumu, kama kombe la pwani. Kikifunikwa upesi na tope, chaweza kukaa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana wako samaki wa kale ambao hawakuacha mfupa hata mmoja, ila kijiwe tu. Ernst Koken, mtaalamu wa Ujerumani, alianza kuwapa majina samaki wa kale kwa njia hii mwaka 1884, na njia hiyo inatumika hadi leo.

ANATAMBULIWAJE?
1. Udongo wenye makombe ya kale huchekechwa, na vijiwe huokotwa kimoja kimoja.
2. Hupimwa urefu, upana na unene. Upande mmoja una mfereji, na umbo la mfereji huo husaidia sana kutofautisha aina.
3. Hulinganishwa na vijiwe vya samaki walio hai ambao majina yao yanajulikana.
4. Kisipofanana na chochote, mtaalamu hakurupuki. Je, kimesagwa na mawimbi? Je, ni cha samaki mchanga? Maana cha mtoto huenda kisifanane na cha mzazi. Hutafuta vingine vya aina ile ile.
5. Akiridhika, huchagua kimoja kiwe shahidi wa jina jipya. Kijiwe hicho huwekwa makumbusho na picha zake huchapishwa, ili mwenye shaka akakiangalie mwenyewe.

TUSISEME UPESI KWAMBA AMETOWEKA
Wataalamu waliamini samaki aitwaye silakanti alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Tarehe 22 Desemba 1938 mmoja akaonekana Afrika Kusini, kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Wavuvi wa Ngazija walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa. Na mwezi wa Aprili 2001 mwingine alinaswa hapa hapa kwetu, bahari ya Malindi! Basi, kabla ya kusema samaki hayupo tena, mvuvi naye aulizwe.

SISI TUFANYE NINI?
Mawe ya matumbawe tunayochonga kwenye matimbo ya Kilifi na Malindi zamani yalikuwa mwamba chini ya bahari, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ukiona jino, mfupa au umbo la samaki ndani ya jiwe, simamisha nyundo kwanza. Usimwuzie mgeni. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka taarifa ifike Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Kwetu ofisi iko Malindi. Onyesha mahali hasa kilipopatikana, maana kitu kisichojulikana kimetoka wapi kimepoteza nusu ya habari yake.

Na vikundi vya wavuvi vyaweza kuweka vijiwe vya samaki wa leo. Kioshe, kikaushe, kitie kwenye bahasha. Andika jina la samaki kwa lugha ya nyumbani, urefu wake, mahali na tarehe. Kijiwe hukua kwa pete, kama shina la mti, na wataalamu huzihesabu kujua umri. Kwa samaki wachanga hata siku huhesabika, kama Giorgio Pannella alivyoonyesha mwaka 1971. Kwa njia hiyo twaweza kujua kama tunavua samaki kabla hawajazaa. Tukiendelea hivyo, wajukuu wetu watamjua changu kwa kijiwe chake tu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI
- Ni samaki gani wazee wetu walivua ambao sisi hatuwaoni?
- Nani katika kikundi atatunza bahasha za vijiwe?
- Wachongaji mawe wa kijiji chetu wataelezwaje habari hii?