Wawili Wanatosha Kuanza



Huku Mtwara msimu wa korosho ni msimu wa fedha. Ni msimu wa mabibo pia. Mabibo yakichachuka tunapata uraka, na uraka ukipikwa tunapata gongo. Kuna nyumba ambazo fedha za korosho hazilali hata usiku mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita mvuvi mmoja wa upande wa Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, alinijia ofisini. Ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Mkewe alikuwa amerudi kwao na watoto. “Padri,” aliniambia, “nimeshindwa.” Nilimsimamisha mbele ya msalaba, nikamwapisha kwamba hatagusa pombe tena. Akaacha siku ile ile.

Usiku wa tatu nikaitwa. Alikuwa akitetemeka, jasho linamtiririka, anazungumza na watu ambao hatukuwaona. Ndugu zake walisema ni mashetani, nami nikaanza kusali. Katikati ya sala akakakamaa kama mwenye kifafa. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kuugua hivyo, na wengine hufa. Mtu wa namna hiyo aache akiwa chini ya uangalizi wa tabibu. Seminarini nilisoma sana juu ya utashi wa mwanadamu, lakini hilo sikulijua.

Alipona. Baada ya wiki sita akanywa tena, na kwa kuwa alikuwa amevunja kiapo, akaona aibu kuja kanisani. Kiapo nilichompa ili kimlete kwa Mungu ndicho kilichomkimbiza. Kosa hilo ni langu.

Nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Kisha, kwa ushauri wa daktari yule, tulipanda basi kwenda Dar es Salaam, kwenye mkutano wa watu wanaoacha pombe. Nilitazamia mahubiri. Tulikuta viti, chai na watu wa kawaida. Kila aliyetaka kusema alitaja jina lake la kwanza, akakiri kuwa yeye ni mlevi, akasimulia. Hakuna aliyemkaripia mwenzake, wala hapakuwa na kiingilio. Bwana mmoja aliyevaa tai alieleza jinsi alivyokuwa akificha chupa hata ndani ya tangi la choo. Mvuvi wangu akalia. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, “Padri, wewe unanipenda, lakini yule ananijua.”

Njia hiyo ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikwama hotelini baada ya biashara yake kuharibika, na baa iko hatua chache tu. Badala ya kuingia, alipiga simu kwa mchungaji wa pale mjini, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hivyo alimpata Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama kwenye pombe. Wawili hao ndio waliokuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous na hatua zake 12. Kuanzia mwaka 1939, katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo, mtawa wetu Sista Ignatia aliwapokea walevi kama wagonjwa, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwakataa.

Dar es Salaam ni mbali kwa mvuvi. Alianza kwa kumpigia simu yule bwana wa tai. Baadaye akampata mwenzake wa hapa hapa, mkulima wa korosho, Mwislamu. Wakaomba darasa letu la katekesi kila Alhamisi jioni. Leo wako saba. Mimi huwapa ufunguo, nikaondoka. Mmoja alianguka msimu uliopita. Alhamisi iliyofuata wenzake walimfuata nyumbani, wakaja naye. Mke wa mvuvi amerudi, ingawa anasema bado anamtazama.

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, yule aliyepooza hakujipeleka kwa Yesu. Watu wanne walimbeba, wakatoboa paa. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Sisi mara nyingi humsubiri mlevi apate nguvu ya kutembea kwanza, kisha ndipo tumkaribishe.

Basi, kama una mlevi nyumbani, mpeleke kwanza hospitali, hasa kama anakunywa kila siku. Ulizeni huko kama kuna kikundi. Kama hakipo, mtafuteni mtu mmoja aliyeacha pombe, aketi naye kila wiki, siku ile ile, mahali pale pale. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, toeni chumba, na mtakayoyasikia yasitoke nje. Sakramenti ya Kitubio iendelee kuondoa dhambi. Kikundi kimsaidie mtu kuvuka Alhamisi hadi Alhamisi.

Nawe unayesoma haya huku mkono ukitetemeka, njoo hata kama ulikunywa jana. Ufunguo uko kwa paroko wako, mwombe.

Nawatakia Dominika njema.