Tembe za maumivu zaweza kulegeza kazi ya ini

Je, wewe humeza daiklofenaki au ibuprofeni kila mgongo unapouma? Wengi wanajua dawa hizi huweza kuleta vidonda vya tumbo. Lakini huenda hujui kwamba huweza pia kuchubua utumbo mwembamba, na athari zake zikafika kwenye ini.

Damu nyingi inayoingia kwenye ini hutoka matumboni. Utumbo ukichubuka, sumu za bakteria wanaoishi humo hupenya na kufuata damu hiyo. Seli za ulinzi zilizo kwenye ini hupambana nazo kwa kutoa kemikali zinazosababisha uvimbe.

Seli za ini zina protini zilizo kama wachukuzi sokoni: baadhi huingiza mizigo, nyingine huitoa kupitia nyongo. Mojawapo huitwa MRP2. Katika panya waliojeruhiwa utumbo kwa indomethasini, dawa ya jamii hiyo hiyo, MRP2 ya ini ilipunguza kazi. Mchukuzi akilegea, mabaki ya dawa nyingine unazotumia yaweza kukawia mwilini.

Usidhani omeprazoli itakuokoa; hiyo hukinga mfuko wa chakula, si utumbo mwembamba.

Kwa hivyo, usimeze tembe hizi siku nyingi bila ushauri wa daktari, wala usichanganye mbili za jamii moja. Ukiandikiwa dawa nyingine, taja zile ulizojinunulia dukani. Na ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.