Kila Lango na Mzigo Wake

Laini ya 2 ya treni ya chini ya ardhi ya Beijing haina mwanzo wala mwisho. Inazunguka tu, kilomita 23 na ushei, na abiria aliyepitiwa na usingizi anaweza kuzinduka amerudi pale pale alipopandia. Sikiliza majina ya vituo yanavyotangazwa: Xuanwumen, Chongwenmen, Chaoyangmen, Dongzhimen, Andingmen, Xizhimen, Fuchengmen. Silabi ile ya mwisho, men, maana yake ni lango. Kati ya vituo 18 vya laini hiyo, 11 vina silabi hiyo. Sasa shuka, panda ngazi, utazame huku na huku. Utaona makutano ya barabara, madaraja ya magari na majengo ya maduka. Karibu kila mahali, lango huoni.

Treni hiyo inafuata njia ya ukuta uliokuwapo, na juu yake, isipokuwa upande wa kusini, inapita Barabara ya Pili ya Mzunguko, nayo ikifuata ukuta huo huo. Ukuta umekwenda, umeacha majina. Sura hii inahusu majina hayo, maana mtu akijua kila lango lilipitisha nini, mitaa ya Beijing ya kale inaanza kujieleza yenyewe.

Tuanze na Wamongolia. Mwaka 1267 Kublai Khan aliamuru ujengwe mji mpya, Dadu, wenye kuta za udongo ulioshindiliwa na malango 11. Mwaka 1368 majeshi ya nasaba ya Ming yaliuteka, yakauona mkubwa mno kuulinda, yakauvuta ukuta wa kaskazini kusini kwa kama kilomita mbili na nusu. Baadaye mfalme Yongle alihamishia makao yake hapo, na mwaka 1421 Beijing ikawa mji mkuu rasmi. Malango yakabaki tisa: matatu kusini, na mawili mawili katika pande nyingine. Minara iliyoyapa sura tunayoiona katika picha za zamani ilijengwa kati ya 1436 na 1439, na msimamizi wake alikuwa towashi mzaliwa wa Vietnam, Nguyen An.

Ukisikia lango, usifikirie tundu ukutani lenye mbao mbili. Lango la Beijing lilikuwa ngome nzima. Ndani ulisimama mnara wa mbao wenye mapaa yaliyopinda, uliokalia ukuta wenyewe. Mbele yake, upande wa adui, ulisimama mnara wa pili, mzito, wa matofali, umejaa matundu ya kurushia mishale. Minara hiyo miwili iliunganishwa na ukuta uliopinda, ukafanya ua uliofungwa pande zote. Wachina waliuita ua huo wengcheng, na weng ni mtungi. Jina hilo halihitaji mkalimani: adui akivunja lango la kwanza yumo mtungini, na walinzi wako juu pande zote nne. Siku za amani mtungi huo ulikuwa na wachuuzi, foleni ya mikokoteni na hekalu dogo, mara nyingi la Guan Yu, shujaa wa kale aliyeabudiwa kama mungu wa vita.

Kila lango lilikuwa na mzigo wake. Maji ya visima vingi vya Beijing yalikuwa machungu, kwa hiyo maji ya kunywa ya ikulu yalichotwa kwenye chemchemi ya kilima cha Yuquan, magharibi, na mikokoteni yake iliingia Xizhimen. Mbao ziliingia Dongzhimen, pombe Chongwenmen. Xuanwumen ilipitisha wafungwa waliohukumiwa kifo, wakipelekwa Caishikou, penye soko la mboga. Hapo ndipo walipokatwa vichwa wanamageuzi sita mnamo Septemba 1898. Majeshi, wenyeji husimulia, yalitoka Deshengmen kwa kuwa jina lake lina neno la ushindi, yakarejea kwa Andingmen, lango la utulivu. Masimulizi hayo hayo yanaongeza, bila haya, kwamba Andingmen ndiyo iliyopitisha pia mikokoteni ya kinyesi, kwa sababu mahali pa kukaushia mbolea palikuwa nje ya lango hilo. Nami naona hilo ndilo la kukumbukwa zaidi. Vita huja na kupita. Choo ni kila siku.

Fuchengmen ilikuwa lango la makaa ya mawe. Yalitoka Mentougou, kwenye milima ya magharibi, mgongoni mwa ngamia, mlolongo mrefu wenye kengele shingoni. Kwa Kichina makaa ni mei, na ua la mplamu nalo ni mei, matamshi yale yale. Basi ndani ya lango palichongwa ua la mplamu katika jiwe. Aliyejua kusoma na asiyejua, wote walifahamu ni lango la nini. Chaoyangmen, upande wa pili wa mji, ilikuwa na suke la nafaka jiweni, na Xizhimen mawimbi ya maji.

Lile suke la Chaoyangmen linatufikisha mitaani. Mchele wa kusini ulipanda kwa Mfereji Mkuu hadi Tongzhou, ukaingizwa mjini kwa lango hilo. Mchele haulali barabarani, kwa hiyo maghala yalijengwa hapo hapo ndani ya ukuta wa mashariki. Moja, Nanxincang, lililoanzishwa 1409, kuta zake nene bado zimesimama. Mengine yamebaki majina: Lumicang, Haiyuncang, vichochoro ambavyo cang yake ni ghala. Wafanyabiashara walijenga karibu na mchele, mabwana wakubwa wakakaa magharibi, na msemo wa wenyeji ukazaliwa kwamba mashariki ni matajiri na magharibi ni waheshimiwa. Msemo huo unaendelea kwa kuwataja maskini wa kusini na wanyonge wa kaskazini, lakini huo mwisho wenyeji wa kaskazini hawapendi kuukumbusha.

Jioni malango yalifungwa. Manane yalipiga ubao wa chuma. Chongwenmen peke yake ilipiga kengele. Ilikuwa pia ofisi ya ushuru wa mji, na mfanyabiashara aliyechelewa alipoteza usiku mzima nje pamoja na mizigo yake.

Kusini kuna hadithi nyingine. Mwaka 1550 Altan Khan wa Wamongolia alifika hadi viungani mwa mji. Serikali ikaogopa, ikaamua kuuzungushia mji ukuta wa pili pande zote nne. Kazi ikaanza kusini mwaka 1553, na fedha zikaisha. Ukuta ukakatishwa, ukapindwa na kuunganishwa na ule wa zamani. Ndiyo maana ramani ya Beijing ya kale inafanana na mtu aliyevaa kofia nyembamba juu ya mabega mapana. Mji huo wa nje ulikuwa na malango saba, la katikati ya ukuta wa kusini likiwa Yongdingmen.

Wamanchu walipotwaa nchi mwaka 1644 waliuchukua mji wa ndani kwa ajili ya askari wao, waliogawanywa katika vikosi vya bendera nane, na mwaka 1648 Wachina wa Han wakaamriwa kuhamia mji wa nje. Majumba ya tamthilia yakapigwa marufuku ndani. Matokeo yake mtu angeweza kuyabashiri: starehe zote zilijipanga mita chache nje ya Zhengyangmen, lango la mfalme, ambalo watu waliliita kwa wepesi Qianmen, lango la mbele. Hapo ndipo mtaa wa Dashilan ulipostawi, wenye hariri, viatu na duka la dawa la Tongrentang lililoanzishwa 1669. Jina Dashilan maana yake ni uzio mkubwa: midomo ya vichochoro ilikuwa na mageti ya mbao yaliyofungwa usiku kwa kuogopa wezi, na geti la hapo lilikuwa kubwa kuliko mengine. Kwa hiyo hata ndani ya malango kulikuwa na malango.

Upande wa magharibi wa mji huo wa nje, si mbali na Guang'anmen, uko mtaa wa Waislamu, Niujie. Msikiti wake, ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 996, una mapaa ya Kichina na mihrabu, na uani mwake mna makaburi ya masheikh wawili waliofariki 1280 na 1283, yenye maandishi ya Kiarabu. Mnara wake wa adhana unafanana na kibanda cha bustani ya kifalme.

Tuingie sasa vichochoroni. Hutong ndilo neno la Beijing, na wataalamu bado wanabishana lilikotoka. Wengi wanalihusisha na neno la Kimongolia lenye maana ya kisima. Kublai aliweka vipimo: barabara kuu hatua 24, ndogo hatua 12, hutong hatua sita. Nyingi zilielekezwa mashariki na magharibi ili nyumba zipate kutazama kusini, kwenye jua. Amri ya mwaka 1285 ilimpa kila mhamiaji kiwanja cha mu 8, karibu nusu hekta, matajiri na maofisa wakitangulizwa. Nenda mtaa wa Dongsi leo uhesabu: Kichochoro cha Tatu, cha Nne, cha Tano, vimenyooka sambamba kama vilivyochorwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Bila shaka vipimo havikuheshimiwa kila mahali. Karibu na Qianmen uko Qianshi, kichochoro cha wabadilisha fedha wa zamani, ambacho mahali pembamba kabisa kina upana wa sentimita 40. Watu wawili wanene hawapishani. Mmoja anarudi nyuma.

Simama mbele ya mlango mmoja. Mlango wa nyumba hauko katikati, uko kona ya kusini-mashariki. Kila upande kuna jiwe linaloshika egemeo la mlango. Jiwe likichongwa duara mfano wa ngoma, kwa kawaida huhesabiwa ni nyumba ya watu wa jeshi. Likiwa mfano wa sanduku, ni ya wasomi. Juu ya mlango zimechomoza mbao fupi, mbili au nne, na nne ni cheo kikubwa zaidi. Mgeni alijua amefika kwa nani kabla hajapiga hodi. Akiruka kizingiti, anakutana na ukuta. Ukuta huo unaficha ua, na ni lazima akate kushoto ndipo aone nyumba zilizouzunguka pande nne. Ukiitazama nyumba hiyo sawasawa utaona ni Beijing yenyewe iliyopunguzwa: ukuta, lango, kona ya kumpoteza mgeni, na bwana wa nyumba upande wa kaskazini akitazama kusini.

Majina ya mitaa nayo yana siri zake. Zhushikou, kusini mwa Qianmen, lilikuwa soko la nguruwe. Lulu na nguruwe kwa Kichina hutamkwa sawa, herufi tu ndizo tofauti, basi wakubwa walipoona haya walibadilisha herufi moja na soko la nguruwe likawa soko la lulu. Matamshi hayakuguswa.

Bomoabomoa haikuanza na Wakomunisti kama wengi wanavyodhani. Mtungi wa Zhengyangmen ulivunjwa mwaka 1915, chini ya waziri Zhu Qiqian, kwa sababu ya msongamano uliosababishwa na stesheni mbili za reli. Baada ya hapo ukuta ukatobolewa hapa na pale. Fuxingmen, Hepingmen na Jianguomen, vituo vitatu vya Laini ya 2, ni majina ya matundu hayo, hayakuwa kamwe miongoni mwa yale tisa.

Mwaka 1950 msanifu majengo Liang Sicheng alipendekeza jambo ambalo mpaka leo linauma ukilisoma. Juu ya ukuta, alisema, pana upana wa zaidi ya mita 10: pandeni maua, wekeni viti, watu wapunge upepo, na minara iwe maktaba na nyumba za chai. Pamoja na Chen Zhanxiang alitaka pia ofisi za serikali mpya zijengwe magharibi, nje ya mji wa kale. Hawakusikilizwa. Wapinzani wao hawakuwa wajinga. Mji ulihitaji barabara, na treni iliyoanza kuchimbwa mwaka 1965, kwa njia ya kufukua kutoka juu na kufukia, ilipata kwenye mstari wa ukuta njia isiyolazimu kuvunja maelfu ya nyumba. Lakini bei ilikuwa kubwa. Mwaka 1969, walipokuwa wakivunja mnara wa mishale wa Xizhimen, wafanyakazi walikuta lango jingine ndani yake. Lilikuwa Heyimen, la mwaka 1358, ambalo mafundi wa Ming walilizika katika matofali badala ya kulivunja. Juu yake kulikuwa na mahali pa kumwagia maji kuzimia moto wa adui. Likapigwa picha, likapimwa, likavunjwa nalo.

Nyumba za vichochoroni zilikufa polepole zaidi. Familia moja ikawa kumi, na baada ya tetemeko la Tangshan la mwaka 1976 watu walijenga vibanda vya kujihifadhi uani na hawakuvibomoa tena. Ua ukawa ujia. Kisha, miaka ya 1990, herufi chai, yaani bomoa, ikaanza kuandikwa kutani ndani ya duara.

Tangu hapo mji umejaribu kujirudi. Wakazi walirudisha matofali ya zamani waliyokuwa wamejengea majiko na mabanda, yakatumika kukarabati kipande cha ukuta cha kilomita moja na nusu karibu na mnara wa kona ya kusini-mashariki. Yongdingmen, iliyovunjwa 1957, ilijengwa upya mwaka 2004, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika mhimili wa katikati ya mji, wa kilomita 7.8, unaoishia hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Ni kazi safi. Lakini kushoto kwake hakuna ukuta, kulia hakuna ukuta, na anayetaka kupita anaweza kulizunguka kwenye majani. Kwangu mimi hiyo ni sanamu ya lango.

Kati ya yale tisa yaliyobaki na jengo la zamani ni mawili: Zhengyangmen, ambayo minara yake yote miwili imesimama, na Deshengmen, ambayo mnara wake wa mishale ulinusurika mwaka 1979 baada ya mpangamiji Zheng Xiaoxie kumwandikia barua mmoja wa viongozi wa Chama cha Kikomunisti, Chen Yun. Na Deshengmen ndilo lango pekee kati ya tisa ambalo Laini ya 2 haikulipa kituo. Ukitaka kuliona, shuka Jishuitan, kituo kisicho na neno men, utembee kuelekea mashariki.