Kitale hadi Malindi kwa pikipiki: tenga pesa ya kurudi kwanza

Kila Desemba, mahindi yakishauzwa na watu wakiwa na kitu kidogo mfukoni, tunapata swali moja kutoka kwa wateja wetu wa Kitale na Bungoma: "Nataka kwenda Pwani na pikipiki yangu. Nibebe pesa ngapi, na nibebe vipi?"

Swali ni zuri. Kutoka milima ya Elgon hadi ukingo wa Bahari Hindi ni karibu kilomita 1,000. Inawezekana, hata kwa pikipiki ya kawaida ya kazi, ilimradi iwe nzima na wewe usiwe na haraka. Lakini tukiwasikiliza waliokwenda, wengi hawakukwama njiani wakielekea huko. Walikwama Malindi, likizo imeisha, tangi ni tupu na salio linasoma shilingi mia mbili. Ndio maana leo tunapanga safari hii kinyumenyume, tukianza na kurudi.

Kwanza, ijue njia

Kwa safari yako ya kwanza usijaribu kufika kwa siku mbili. Igawe hivi:

Siku ya 1: Kitale hadi Nakuru kupitia Moi's Bridge, Soy na Eldoret, kama kilomita 225. Ukitoka Bungoma, pitia Webuye na Turbo, tutakutana Eldoret. Pale Timboroa baridi huingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo jaketi nzito na glavu ziwe karibu, zisiwe chini ya mzigo. Ukishuka kuelekea Salgaa, kaa mbali na malori na tumia gia kupunguza mwendo, usitegemee breki peke yake.

Siku ya 2: Nakuru hadi Emali, kama kilomita 280. Hii ndiyo siku ndefu. Ukikaribia Nairobi, kumbuka kwamba pikipiki haziruhusiwi kwenye ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Wengi huchukua Southern Bypass kutoka upande wa Kikuyu, wakatokea Mombasa Road bila kuingia katikati ya jiji.

Siku ya 3: Emali hadi Voi, kama kilomita 205. Utapita Makindu, ambako hekalu la Masingasinga limekaribisha na kulisha wasafiri kwa miaka mingi. Jaza tangi Mtito Andei. Kutoka hapo unapita katikati ya mbuga ya Tsavo, na hapo si mahali pa kuishiwa na mafuta. Usiendeshe usiku sehemu hii. Kuna wanyama, kuna malori, na taa ya pikipiki ina mwisho wake.

Siku ya 4: Voi hadi Mombasa, kama kilomita 155. Ukiogopa msongamano wa jiji, pale Mariakani unaweza kukunja kushoto, upitie Kaloleni na kutokea Mavueni, karibu na Kilifi.

Siku ya 5: Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120. Hii ndiyo siku uliyoifuata.

Tuseme ukweli kuhusu barabara ya Pwani

Wengi hudhani barabara ya Mombasa–Malindi inafuata ufuo, bahari iko kulia kwako njia nzima. Sivyo. Sehemu kubwa ya barabara iko ndani kidogo na maji huyaoni. Utaona mashamba ya makonge ya Vipingo, mibuyu mikubwa ya Kilifi, mikorosho na minazi. Kisha ghafla unapanda daraja la Kilifi na mkono wa bahari uko chini yako, buluu tupu. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka hapo kwa feri.

Ukishavuka Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa kushoto kwako kwa kilomita nyingi. Ukifika Gede, kunja kulia kuelekea Watamu. Hapo karibu pana magofu ya mji wa kale wa Gedi, ambao mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mbele, Malindi, iko nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika hapo mwaka 1498.

Kwa nini tunakueleza haya kwenye ukurasa wa pesa? Kwa sababu uzuri wa barabara hii uko kwenye kukunja kona. Kila kona ina kiingilio, dafu, sahani ya samaki au usiku mmoja wa ziada. Usipozipangia bajeti, zitakula nauli yako ya kurudi.

Sasa hesabu

Usichukue hesabu ya mtu mwingine. Pima pikipiki yako mwenyewe: jaza tangi hadi juu, andika kilomita zinazosoma, endesha siku zako mbili tatu, kisha jaza tena hadi juu. Gawanya kilomita ulizoenda kwa lita ulizoongeza. Rudia ukiwa umefunga mzigo, kwa sababu mzigo na upepo huongeza unywaji wa mafuta.

Tuchukue mfano. Pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita, na mafuta ni shilingi 185 kwa lita. Kumbuka EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 kila mwezi, na bei hutofautiana kidogo kati ya mji na mji, kwa hiyo weka bei ya siku zako. Safari ni siku 12: tano za kwenda, usiku tatu Malindi, tano za kurudi.

- Mafuta: kilomita 2,200 (pamoja na kona za Watamu na kwingineko) ni lita 55, sawa na shilingi 10,175
- Malazi: usiku 11 kwa shilingi 1,200, sawa na shilingi 13,200
- Chakula: siku 12 kwa shilingi 700, sawa na shilingi 8,400
- Sevisi kabla ya kuondoka (oili, cheni, breki, tairi): shilingi 3,500
- Dharura: shilingi 6,000

Jumla ni shilingi 41,275. Ukiiona kwa mara moja inatisha. Lakini ukianza wiki ya kwanza ya Julai na kuweka shilingi 1,600 kila wiki kwenye akaunti ya akiba ya simu, baada ya wiki 26 utakuwa na 41,600. Januari na Februari, mvua zikiwa zimepungua huku kwetu na kule Pwani, uko barabarani. Na hujakopa kwa mtu. Tafadhali usiende likizo kwa mkopo wa simu. Utarudi nyumbani umechoka na deni linakungoja mlangoni.

Mifuko mitatu

Pesa ikishatimia, igawe kabla hujawasha pikipiki.

*Mfuko wa kurudi.* Kwa mfano wetu: lita 25 za mafuta ni shilingi 4,625, malazi ya usiku nne ni 4,800, chakula cha siku tano ni 3,500. Jumla 12,925, tuseme 13,000. Hii ifungie kwenye akiba yenye tarehe, ifunguke siku moja kabla ya kuondoka Malindi. Ukiona mashua ya kwenda kuangalia samaki na roho ikakutamani, hiyo pesa haipo. Kama huna akiba ya kufunga, mwachie mtu unayemwamini nyumbani, akutumie siku hiyo.

*Mfuko wa kila siku.* Hii iko kwenye simu. Mafuta, hoteli na gesti lipa kwa namba ya tili pale wanapokubali, ili ubaki na rekodi. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ukiwa umechoka na jua la Voi, ni rahisi kukosea tarakimu moja.

*Mfuko wa noti.* Beba taslimu ya siku moja na nusu hivi, noti ndogondogo, sehemu mbili tofauti mwilini. Fundi wa pancha kando ya barabara, mama wa mahamri na mbaazi, kijana wa madafu: hawa walipe taslimu, usiwasumbue. Pesa ikipungua, toa mara moja asubuhi mjini. Kutoa kidogo kidogo mara tatu kwa siku mara nyingi hukula ada zaidi kuliko kutoa mara moja, na wakala wa kituo kidogo anaweza kuwa hana pesa ya kutosha. Kitambulisho kiwe karibu, wakala atakiuliza.

Kisa cha mwenzetu

Mwenzetu mmoja wa dawati la wateja alifanya safari hii. Alijiamini, si anafanya kazi ya pesa za simu? Pesa yote aliiweka kwenye laini moja, simu akaifunga kwenye usukani imwonyeshe njia. Karibu na Mtwapa alipita tuta vibaya, simu ikaruka, na lori lililokuwa nyuma likaikanyaga pamoja na laini. Pesa ilikuwepo, lakini hakuwa na njia ya kuifikia. Mfukoni alikuwa na shilingi 150. Namba pekee aliyoikumbuka kichwani ni ya mama yake, Kitale. Mwenye gesti alimwazima simu, mama akamtumia mwenye gesti pesa ya usiku ule na chakula. Kesho yake alienda kubadilishiwa laini kwa kitambulisho chake, akapata salio lake lote.

Alikuwa na bahati mbili: laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake, na mama alishika simu. Wewe usitegemee bahati. Fanya haya kabla ya kuondoka:

- Hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, si cha kaka wala cha bosi.
- Andika namba tatu za watu wako kwenye karatasi, ikae ndani ya jaketi.
- Beba simu ndogo ya mulika mwizi. Simu kubwa ikipasuka skrini, hamisha laini tu, uendelee.
- Beba pawabenki iliyojaa, na usichezee simu ukiwa unaendesha. Ukitaka kuangalia njia, simama.
- Namba ya siri ikae kichwani. Usimtajie mtu, hata anayejiita mfanyakazi wetu. Sisi hatuiulizi kamwe.

Matapeli wanapenda wasafiri

Uko kwenye kituo cha mafuta, ujumbe unaingia: umepokea shilingi 4,500. Dakika moja baadaye simu inalia, mtu anakuita "ndugu yangu", analia kwamba ametuma kimakosa, mtoto ni mgonjwa, rudisha haraka. Tulia. Usiangalie ujumbe, angalia salio lako mwenyewe. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Kama limeongezeka kweli, mwambie apige huduma kwa wateja na ombi la kurudishiwa lishughulikiwe huko. Wewe usitume chochote. Tapeli hutegemea haraka yako, na msafiri daima ana haraka.

Usisahau karatasi

Sheria ya trafiki inataka wewe na abiria wako mvae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Leseni yako iwe ya daraja la pikipiki. Angalia bima vizuri: wengi wa boda hulipia ya mwezi mmoja, na mwezi unaweza kuisha ukiwa Malindi. Ilipie mapema, na gharama hiyo uiongeze kwenye hesabu yako. Namba za dharura ni 999 au 112.

Anza leo

Huhitaji kuwa na shilingi 41,000 leo. Unahitaji 1,600 za wiki ya kwanza. Fungua akiba kwenye simu, ipe jina "Malindi", weka tarehe. Kisha Jumamosi hii, pima pikipiki yako inakula lita ngapi, hata kama ni Kitale hadi Kapenguria na kurudi.

Na ukifika, ukasimama upande wa pili wa daraja la Kilifi ukiyatazama yale maji, tunataka uyatazame kwa utulivu wa mtu anayejua nauli ya kurudi nyumbani ipo. Akiba haiozi. Safari njema!