Elfu Moja ya Ziada, Kodi Karibu Mara Mbili

Chukua maduka mawili ya rejareja mtaa mmoja, yote yakiuza unga, sukari na sabuni, na yote yakifunguliwa kila siku ya mwaka. La kwanza linauza wastani wa Sh30,000 kwa siku, sawa na Sh10,950,000 kwa mwaka. La pili linauza Sh31,000, sawa na Sh11,315,000. Mteja hawezi kuona tofauti yake. Kodi inaiona.

Kwa viwango vya kodi ya makadirio vya Sheria ya Fedha ya 2022 nchini Tanzania, mfanyabiashara binafsi asiyevuka mauzo ya Sh4,000,000 kwa mwaka halipi kitu. Anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi hapo, hadi milioni 7. Kutoka milioni 7 hadi 11 hulipa Sh90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Asiye na daftari katika kundi hili hutozwa Sh250,000 moja kwa moja, kwa hiyo daftari lina faida.

Akivuka milioni 11, hesabu inageuka: asilimia 3.5 ya mauzo yote, kuanzia shilingi ya kwanza. Basi duka la kwanza lenye daftari linalipa Sh208,500 na la pili Sh396,025. Tukikadiria faida ya asilimia 10, ile elfu moja ya ziada kila siku imemwingizia mwenye duka Sh36,500 kwa mwaka mzima, lakini imemwongezea kodi ya Sh187,525. Amekua, akapata hasara.

Wachumi wanajua watu hufanya nini wakikuta mpaka wa namna hii. Henrik Kleven na Mazhar Waseem walichambua kumbukumbu za kodi za Pakistan, wakachapisha matokeo mwaka 2013: waliojiajiri walirundikana chini kidogo tu ya kila kiwango ambapo kodi iliruka. Kwa mwenye duka njia ni rahisi: risiti chache zisikatwe, au sehemu ya mauzo iandikwe kwa jina la ndugu. Serikali inakosa kodi, naye anajikosesha mkopo, kwani benki hupima mauzo yaliyoandikwa, si yale aliyonayo kichwani.

Dawa yake haihitaji kupunguza asilimia. Inatosha asilimia 3.5 itozwe kwa kinachozidi milioni 11 tu, kama ilivyo kwenye makundi ya chini. Duka la pili lingelipa Sh221,025. Ni kweli, Hazina ingepokea pungufu kwa kila anayelipa sasa, na pengo hilo lingepaswa kupimwa dhidi ya mauzo yatakayoacha kufichwa. Lakini bajeti inaposomwa Dodoma kila Juni, mjadala hubaki kwenye ukubwa wa asilimia. Mfanyabiashara mdogo aulize pia asilimia hiyo inaanza kuhesabiwa kutoka shilingi ipi.